Baridi ya Mitumba

Mwezi wa Juni mwaka jana nilipata kazi ya kuandika maneno 800 kuhusu maua yanayoendelea kuchanua baridi inapoanza. Mteja ana duka la miche karibu na Melbourne, Australia, na kwao Juni ndiyo mwanzo wa majira ya baridi. Malipo yalikuwa senti mbili za dola kwa neno. Piga hesabu: dola 16, na hapo bado hujakatwa za kutumiwa. Nilikubali kabla sijamaliza kusoma ujumbe.

Mimi sijawahi kuona theluji. Baridi kali kuliko zote niliyoijua ni ya basi la usiku la Nairobi, dirisha likiwa limekwama wazi. Lakini nilikaa barazani kwetu Liwatoni saa tano usiku, laptopu mapajani, nikaandika juu ya kamelia na helebori kana kwamba nazikuta mlangoni kila asubuhi. Kamelia niliipenda kwa sababu niligundua ni ndugu wa damu wa mchai. Kumbe watu wa Kericho wamezungukwa na kamelia maisha yao yote, ila wanaichuma majani kabla haijapata nafasi ya kuchanua. Helebori ina sumu kuanzia mizizi hadi ua. Nikaandika: vaa glavu.

Nyanya akatoka ndani, leso moja kiunoni na nyingine mabegani. Akanipita, akaenda kwenye debe la mwasumini, akalisukuma kwa mguu hadi likaegemea ukuta.

"Kusi imeingia," akasema. "Na wewe ingia, mke mwenza. Utashikwa na kifua."

Mke mwenza ndilo jina langu kwake tangu nikiwa mtoto, utani wa bibi na mjukuu. Babu alifariki zamani, lakini nyanya bado ananigombania naye.

Kipupwe chetu ni Juni hadi Agosti. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 20 hivi, na mtu wa Limuru akisikia hivyo atatucheka mpaka akohoe. Sisi hatujali. Wenye boda huvaa majaketi mazito kinyume, mgongo ukawa kifuani. Watoto huenda madrasa na sweta. Maji ya kuoga huchemshwa. Nilipokuwa natafuta cha kujazia ile makala nilisoma jinsi upepo huu unavyozaliwa: kusini mwa Bahari Hindi, kukiwa majira ya baridi, hewa nzito hujikusanya upande wa visiwa vya Mascarene, halafu husukumwa kaskazini kuelekea Asia, ambako jua limechoma ardhi. Sisi tuko njiani tu. Kwa hivyo baridi yetu ni ya mitumba. Watu wa kusini wameivaa kwanza, bahari ikaifua kidogo, ikatufikia imepwaya.

Ukikaa Liwatoni huhitaji kusoma hayo, maana utayaona Kilindini. Meli kubwa zinaingia na kutoka kama kawaida, lakini vyombo vidogo vya wavuvi vinashinda vimefungwa siku kadhaa, na bei ya changu inapanda mpaka unaamua kula maharagwe. Kila mtu hapa ana kitu chake ambacho kusi humnyima. Wavuvi hunyimwa bahari. Nyanya hunyimwa asumini.

Bustani yake si bustani ya picha. Ni madebe, ndoo za rangi na beseni lililopasuka, vyote vimepangwa barazani na juu kwenye paa, kati ya tangi la maji na kamba za nguo. Kipupwe kikianza, unaweza kuona nani mvumilivu. Vinka, yale maua madogo ya waridi na meupe unayoyaona hata makaburini, hayajui habari. Asili yake ni Madagascar, na dawa mbili za saratani, vinkristini na vinblastini, zimetokana nayo. Nyanya anayaita tu "yale ya bure". Rehani inatoa vishada vyake vya maua kama haikusikia kitu. Bogenvilia ya jirani imemwagika juu ya ukuta wetu, nyekundu kama hasira. Ile rangi si ua, ni majani. Ua lenyewe ni kile kijineli cheupe katikati ambacho hakuna anayekitazama.

Hadithi ya bogenvilia niliisoma usiku ule ule, na ilinikalia kichwani. Mwaka 1767 meli za Mfaransa Bougainville zilitia nanga Brazil, na mtaalamu wao wa mimea, Philibert Commerson, akaukusanya mmea huu. Msaidizi wake alikuwa Jeanne Baret, mwanamke aliyejivika nguo za kiume kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa katika meli za jeshi la Ufaransa. Mmea ukapewa jina la mkuu wa safari. Niliwaza sana juu ya Baret: kila siku baharini unaamka, unavaa uongo wako, unafunga vifungo, unatoka.

Nilikuwa na sababu zangu za kumuwaza.

Sasa nikueleze mwasumini, maana ndio mwenye nyumba pale. Asumini huchanua usiku. Ukitaka kuuza, unachuma vikonyo alasiri, vikiwa vimefumba bado, unavitia kwenye kitambaa chenye unyevu, na kufikia saa mbili usiku vinajifungua mikononi mwa mnunuzi. Nyanya huvitunga kwa uzi na sindano vikawa vya nywele au vya kitanda cha bi harusi, au huvichanganya na rehani, mlangilangi na waridi akafunga vikuba. Kama hujakaa na mwanamke wa Mji wa Kale aliyechomeka kikuba kifuani, sina namna ya kukuelezea harufu hiyo. Wateja wake wengi wako huko, na wamekuwa wake tangu mama zao.

Ila mwasumini unapenda joto na jua. Maua hutoka kwenye ncha za matawi machanga, na kipupwe kikifika tawi halina haraka. Kaskazi nyanya hujaza bakuli. Julai anahesabu kwa vidole. Bei hupanda, lakini bei ya kitu usichokuwa nacho itakusaidia nini?

Pesa hizo za asumini zilikuwa zinanisomesha. Babangu yuko Doha, yeye alilipa karo, si yote, si kwa wakati. Nauli, chumba na chakula vilikuwa vya nyanya. Kila mwezi meseji ya M-Pesa, na baada yake simu: "Zimefika? Haya, soma."

Niliacha chuo mwezi wa Novemba, mwaka wa pili. Nikisema ni karo utanihurumia, na ni kweli deni lilikuwepo, sikuruhusiwa kufanya mitihani. Lakini nilikuwa nimeshaacha kuingia darasani kabla ya hapo. Nilikuwa nakesha nikiwaandikia wanafunzi wa Uingereza insha zao kwa pesa, halafu nalala mchana wakati masomo yangu yanapita. Wao walipata alama. Mimi nilipata barua.

Nyumbani nikasema masomo yamehamia mtandaoni. Tangu korona, nani angebisha? Nikawa nakaa barazani na laptopu, navaa uongo wangu asubuhi, nafunga vifungo. "Masomo vipi?" "Yaendelea, nyanya." Na yeye akawa anapunguza sauti ya redio nisisumbuke.

Mwisho wa Juni akaenda Lamu kwenye matanga ya dada yake. Wiki mbili. Akaniachia mimea na agizo la harusi: bi harusi wa Mji wa Kale, mwanzo wa Agosti, vikuba 60 na asumini za kitanda. Alikuwa ameukata mwasumini mapema na kuuweka pale ukutani penye jua ili utoe machipukizi kwa wakati. "Ukuangalie," akaniambia. Hakusema zaidi. Alidhani najua.

Nikaumwagilia kila siku, asubuhi na jioni. Nilikuwa namlipa deni kwa ndoo. Siku ya tano majani ya chini yakawa manjano. Nikaongeza maji. Siku ya tisa yakaanza kudondoka. Nyanya akapiga simu kutoka Lamu, nyuma yake nasikia watu wanasoma hitima.

"Mwasumini waendeleaje?"

"Uko sawa, nyanya."

Sauti ilikuwa ile ile ya "yaendelea". Niliisikia mwenyewe.

Aliporudi hakuvua hata buibui. Aliweka mkoba chini, akainama juu ya debe, akachomeka kidole udongoni hadi fundo la pili. Akakitoa, akanusa. Akakirudisha.

"Tangu lini?" akauliza, bila kunitazama.

Sijui nini kilinipata. Wiki mbili sikuwa nimelala vizuri, na nilikuwa nimejiandaa kwa swali moja tu maishani, ndilo nililolisikia.

"Tangu Novemba."

Kidole kikasimama mle mle.

"Novemba mti huu ulikuwa na maua mia," akasema. Halafu, polepole, "Mimi nauliza majani. Wewe wanijibu nini?"

Nikamwambia. Yote, na zile insha za Waingereza pia. Nilisimama pale kama mtoto aliyevunja kikombe. Yeye alibaki amechutama, mkono mmoja ndani ya debe.

"Kwa hivyo," akasema mwisho, "mimi natunga vikuba vya chuo, na chuoni hamna mtu."

Akaingia ndani. Hakunisemesha siku mbili. Ungejua nyanya alivyo, siku mbili ni mwaka. Hata chai aliniwekea mezani bila kuniita, na jina la mke mwenza likapotea kabisa.

Siku ya tatu akanigongea dirisha alfajiri. "Lete kisu na gazeti." Tukaung'oa mwasumini debeni. Udongo ulikuwa unanuka kama mtaro. Akanionyesha: mizizi mizima ni ya rangi ya krimu na migumu, iliyooza ni ya kahawia, ukiivuta ngozi inavuka inabaki uzi. Tukakata iliyooza yote. Tukatoboa debe matundu zaidi, tukachanganya udongo na mchanga, tukaurudisha.

"Kipupwe mti walala," akasema. "Kinywaji chake ni kidogo. Wewe ulikuwa wamnywesha mtu aliyelala. Atakabwa."

"Sikujua."

"Hukuuliza." Akafuta kisu. "Wala mimi sikukuuliza. Nilikuwa naona mtoto gani huyu asomaye na hana daftari."

Sijui kama hiyo ilikuwa nusu ya msamaha. Sikumuuliza hilo pia.

Kilichobaki ni harusi. Tulikwenda Mji wa Kale pamoja, kwa shangazi wa bi harusi, na nyanya akasema mbele yangu: "Asumini hamna. Mjukuu wangu ameuzamisha mti." Aibu niliyopata, afadhali angesema nimeiba. Yule shangazi alinitazama juu hadi chini, akakata agizo nusu. Vikuba 30, asumini za kitanda atatafuta kwingine. Nyanya hajawahi kukatwa agizo nusu tangu nimjue.

Tukanunua waridi na mlangilangi Marikiti, kwa pesa yangu, zile dola 16 na zaidi. Rehani tukachuma kwetu. Usiku kucha alinifundisha kufunga: rehani chini, mlangilangi uzungushwe, waridi kati, uzi ukazwe bila kukata bua. Vyangu kumi vya kwanza alivifungua vyote. Cha kumi na moja akakinusa, akakiweka kwenye sinia.

Ile makala ya Melbourne nilikuwa bado sijaituma toleo la mwisho. Nikaongeza aya moja kuelekea mwisho: baridi ikianza mimea ya vyunguni hunywa kidogo, chomeka kidole hadi fundo la pili kabla ya kumwagilia, na kama kuna unyevu, acha. Katika maneno 800 yale ndiyo niliyokuwa na uhakika nayo. Mteja hakuyagusa. Alilipa, akasema asante.

Mwasumini ulibaki na shina moja kati ya matatu. Mwisho wa Agosti ulitoa machipukizi mawili, mafupi kama njiti za kiberiti. Ua halikutoka. Maua ya kwanza yalikuja kaskazi iliporudi, saba tu, na nyanya hakuyauza. Aliyatia kwenye kisahani kando ya mto wake.

Kila nikilipwa sasa naweka theluthi kwenye mkebe wa Kimbo juu ya kabati lake. Hasemi kitu. Lakini mkebe husogea kutoka pale nilipouacha, kwa hivyo najua anahesabu. Insha za watu nimeacha. Chuo sijarudi, na siwezi kukuahidi kwamba nitarudi.

Amebaki baba. Nyanya alikataa kata kata kunisaidia: "Utamwambia wewe. Mimi sina mdomo huo." Ni karibu mwaka, na kila Ijumaa akipiga kutoka Doha namwambia yaendelea. Yeye hasomi magazeti ya mtandaoni, ila binamu zangu wanasoma, na hakuna siri inayovuka bahari haraka kama yao.

Kwa hivyo nilimwambia mhariri asubiri hadi Jumamosi kulitoa andiko hili. Ukiwa unalisoma, nimeshapiga ile simu.