Barabara Iliyojengwa kwa Ukumbusho wa Wafu

Wazee husema, anayetembea ndiye anayeona. Leo nataka kuwaeleza habari ya safari tuliyoifanya, mimi na bibi yangu, kando ya bahari kusini mwa Australia. Sisi ni watu wa Uvira. Mwaka wa 1996 vita vilitutoa kwetu, tukakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, kisha tukapokelewa katika mji wa Melbourne. Sasa watoto wamekua. Tulipopata juma moja la mapumziko tukasema: Twende tukaone bahari.

Nyumba tuliyosafiri nayo inapashwa kuelezwa. Ni nyumba ndogo ya magurudumu mawili, wenyeji wanaiita karavani. Inafungwa nyuma ya motokari kwa chuma na minyororo ya usalama. Ndani mna kitanda, meza, jiko la gesi na tanki la maji. Ukifika pahali pa kulala unateremsha miguu yake minne ya chuma, ili isitikisike. Bibi yangu alipoingia mara ya kwanza alipiga hatua tano, akafika mwisho. Akacheka, akasema: «Baba, humu hakuna pahali pa kukasirikia!»

Alisema kweli. Watu wawili wakikaa katika nyumba ya hatua tano, ni vigumu mmoja kumficha mwenzake neno lililo moyoni. Na bibi yangu alikuwa na neno.

Kaka yake alipotea mwezi wa Oktoba 1996, siku zile watu walipokimbia Uvira. Hatukupata mwili, hatukuona kaburi. Sasa mama mkwe wangu, ambaye ni mzee sana, alikuwa ametutumia habari: anataka kilio cha mwanawe kifungwe kabla yeye mwenyewe hajafa. Ndugu wote walingoja neno la bibi yangu, maana ndiye mkubwa aliyebaki. Yeye hakujibu. Mara moja tu aliniambia: «Kufunga kilio bila kaburi ni kumwua mara ya pili.» Kisha akanyamaza miezi mingi. Nikaja naye baharini na kimya chake.

Barabara yenyewe inaitwa Great Ocean Road. Inaanza Torquay, inafika karibu na Warrnambool, kilometa 240 hivi. Kule motokari zinapita upande wa kushoto, si kama kwetu Congo. Basi ukielekea magharibi, bahari iko chini yako upande huohuo. Njia ni nyembamba, ina makona mengi, mlima huku na maji huku. Mwenye kukokota nyumba anakwenda polepole, na mara kwa mara anaingia pembeni ili wenye haraka wapite.

Kilometa chache kabla ya Lorne tulikuta lango la miti juu ya barabara, na kando yake sanamu za wafanyakazi wawili. Tukasimama, tukasoma habari zao. Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, askari wa Australia zaidi ya 60,000 walikuwa wamekufa. Wenzao waliorudi walianza kuchimba barabara hii mwezi wa Septemba 1919, kwa sururu, kwa majembe, kwa baruti na mikokoteni ya farasi. Karibu watu 3,000 walifanya kazi hiyo, wakilala katika mahema. Walikuwa watu kama sisi: mwaka wa 1924 meli Casino ilipokwama, ikatupa baharini mapipa 500 ya bia, na kazi ikalala majuma mawili! Lakini waliirudia, na barabara ikafunguliwa mwezi wa Novemba 1932. Meya wa Geelong, Howard Hitchcock, aliyehangaika sana kutafuta fedha za kazi hiyo, alikufa miezi mitatu kabla. Siku ya kufungua, motokari yake ilipelekwa nyuma ya ile ya gavana, yeye hayumo.

Bibi yangu aliisikia habari hiyo ya motokari akatikisa kichwa. Akaniuliza: «Na hao waliokufa vitani, makaburi yao yako wapi?»

Nikamjibu: «Ufaransa, Ubelgiji, Uturuki. Wengi hawakuonekana hata mwili.»

«Basi wenzao walichimba nini?»

«Walichimba njia hii, Mama.»

Hakusema tena. Lakini usiku ule, Lorne, mvua ikipiga juu ya bati la nyumba yetu, akaanza kunieleza kaka yake: ginsi alivyomfundisha kuogelea, ginsi alivyorudi alfajiri kutoka kuvua ndagala, taa yake ikiwaka bado mkononi. Alicheka, alilia. Chai ikapoa mezani. Nami nilijua kwamba kilio, ambacho kilikuwa kimefungiwa ndani yake, kimefunguka.

Siku ya nne tulifika kwenye minara ya mawe inayoitwa Mitume Kumi na Wawili, ingawa haikupata kufika kumi na mawili. Ni mawe ya chokaa yaliyokatwa na mawimbi kutoka ukingo wa nchi. Mwezi wa Julai 2005 moja lao, refu kama meta 50, lilianguka kwa dakika moja. Na daraja la mawe la jirani, London Bridge, lilivunjika mwezi wa Januari 1990. Watu wawili wakabaki ng'ambo katikati ya maji, wakaokolewa kwa helikopta.

Tukasimama pale katika upepo. Bibi yangu akasema: «Ona, hata jiwe linakufa. Lakini barabara ikibomolewa na mvua, watu wanakuja kuitengeneza, kwa sababu wanaihitaji.»

Jioni ile, Port Campbell, alipiga simu Uvira. Kule ilikuwa asubuhi. Akamwambia mama yake: «Mama, kilio kifungwe.» Kisha akaagiza neno jingine. Kutoka nyumba za ukoo wetu mpaka chemchemi kuna mteremko mbaya. Masika wanawake wanateleza na ndoo kichwani. Akasema: «Siku ya kufunga kilio, kila mtu aje na jembe. Chimbeni njia, wekeni ngazi za mawe. Mimi nitatuma fedha za chakula. Njia hiyo iwe yake.»

Walifanya kazi siku tatu. Hapana ubao, hapana jina lililoandikwa. Mama mkwe wangu alishuka kwa fimbo yake mpaka majini, akakaa juu ya jiwe, akasema kwamba sasa anajua mahali pa kwenda kumwambia mwanawe habari.

Wasomaji wapenzi, katika nchi yetu wengi wamekufa pasipo kuzikwa na watu wao. Huenda na ninyi mna mmoja. Tazameni basi karibu nanyi: pengine kuna kijito kisicho na daraja ao mteremko unaowaangusha mama zetu. Kazi hiyo inamngoja mtu mwenye majonzi na jembe.