Magurudumu ya Kaka Yangu

Katika mji wetu wa Bujumbura kijana apatapo motokaa, jambo la kwanza analolifikiria si injini wala breki, bali ni magurudumu. Hutaka rimu kubwa zing'aazo na tairi nyembamba kama mkanda, ili apitapo Rohero watu wageuze shingo. Mimi siwacheki vijana hao, maana motokaa iliyovaa vizuri hupendeza kweli. Lakini jambo hili lilifika nyumbani kwetu, nalo likawa zito kuliko nilivyodhani. Na kwa kuwa hesabu zake ni zile zile tulizofundishwa darasani, naona yafaa niwaandikie ninyi mlio shuleni, na wenzangu tuliokwisha kutoka.

Kaka yangu mkubwa alifanya kazi Dubai miaka 12. Aliporudi aliagiza kutoka Japani motokaa aina ya Toyota Celica, iliyotoka kiwandani mwaka 2002, nayo ikashukia bandari ya Dar es Salaam na kuingia nchini kwa mpaka wa Kobero. Ni motokaa ya milango miwili, ya chini, pua yake imeinama kama mnyama anayenusa njia. Tangu utoto kaka hakutaka nyingine. Celica ndiyo aliyoiendesha Ian Duncan wa Kenya aliposhinda Safari Rally mwaka 1994, na kabla yake Waldegård, Kankkunen na Sainz walishinda mashindano hayo kwa Celica vile vile. Kaka aliyajua majina hayo kama wengine wajuavyo majina ya wachezaji wa mpira.

Mwaka 2024 petroli ilikuwa adimu sana mjini, basi motokaa ikakaa uani miezi mingi bila kutembea. Tairi huchukia kukaa. Zile alizokuja nazo zilipasuka nyufa ndogo ndogo ubavuni, na mahali zilipokanyaga ardhi zikawa bapa. Mwaka uliofuata arusi ya kaka ikapangwa mwezi wa Aprili, katikati ya mvua. Mchumba wake ni wa Muramvya. Alitaka aende mwenyewe kumchukua kwa Celica, akapande hadi Bugarama na kuteremka naye mpaka Buyenzi, na mama yetu akiwa kiti cha nyuma.

Fedha iliyobaki baada ya mambo ya arusi ilitosha kitu kimoja tu. Mwuzaji mmoja alikuwa na rimu nne za inchi 18, upana inchi 8, nyeusi zenye ukingo wa fedha, pamoja na tairi zake 225/40R18 zilizokwisha kutumika. Au, kwa fedha ile ile, tungeweza kununua tairi nne mpya 195/60R15 na kuzivika rimu za zamani za inchi 15, ambazo sura yake ni ya kawaida kabisa. Kaka akaniita. "Wewe ndiwe mtu wa hesabu," akasema, "niambie kwamba zile za 18 zitaingia."

Twende pole pole, maana wengi huziona tarakimu hizi kila siku bila kuzisoma. Katika 195/60R15, namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 60 ni kimo cha ubavu wake, nacho ni asilimia 60 ya ule upana, yaani milimita 117. Herufi R yaonyesha tairi ni radiali, namna iliyobuniwa na Michelin wa Ufaransa mwaka 1946. Namba 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, yaani milimita 381. Jumlisha rimu na mbavu mbili, wapata gurudumu zima lenye kipenyo cha milimita 615. Sasa fanya vivyo hivyo kwa 225/40R18: ubavu milimita 90, rimu 457, jumla 637.

Tofauti ni milimita 22. Kwa macho ni kitu kidogo, lakini asilimia yake ni tatu na nusu na ushei. Mshale wa mwendo ukionyesha 60, motokaa inakwenda 62. Injini nayo huwa kama imewekwa gia ndefu zaidi, na kupanda Bugarama kwahitaji gia fupi. Tena mpira umesogelea madigadi kwa milimita 11, na hapo bado hujaketisha watu.

Kisha kuna upana wa rimu. Rimu ya kiwandani ilikuwa inchi 6 na nusu, na ile nyingine inchi 8. Inchi moja na nusu ya ziada hugawanywa pande mbili, milimita 19 kila upande. Lakini rimu haikai katikati sawasawa. Ule uso unaobanwa kwenye habu huwa umesogezwa kutoka mstari wa katikati ya rimu, na kiasi chake huandikwa kwa herufi ET. Zetu za zamani zilikuwa na 39, zile za mwuzaji 35. Kadiri namba hii inavyopungua, gurudumu hutoka nje. Basi ukingo wa nje ungetokeza milimita 23 kupita wa zamani, na wa ndani ungesogea milimita 15 kuelekea springi. Nilimchorea kaka kwenye daftari. Akatazama sana, akasema labda madigadi yaweza kukunjwa kwa nyundo.

Tukaenda kwa fundi. Mjuao Buyenzi mwajua kwamba huko huhitaji kuuliza fundi yuko wapi. Unasimamisha motokaa tu. Huyu ni mzee aliyeanza kazi akiwa mtoto wa kushika taa. Yeye tairi huiita pine, kama wengi hapa, na rimu huiita janti kwa namna ya Kifaransa. Hakutazama daftari langu. Aliichukua rimu ya inchi 18, akaigeuza mgongo, akatia vidole katika tundu la kati.

"Mwanangu," akamwambia kaka, "mashimo matano ni sawa. Lakini tundu hili ni la nani?"

Nikapima. Habu ya Toyota hii ina milimita 54.1, na tundu la rimu ile lilikuwa 73.1. Rimu nyingi za kuuzwa nje ya kiwanda hutobolewa hivyo makusudi ili ziingie motokaa za aina nyingi, na kila mnunuzi hutakiwa kuweka pete ya kujaza nafasi. Pete hazikuwapo. Bila pete, rimu haishikwi katikati na habu, bali na nati peke yake, na ukifika mwendo wa barabarani usukani hutetemeka mikononi kama mtu mwenye homa.

Fundi akatuonyesha na namba nyingine ambayo watu huipita. Ubavuni mwa kila tairi, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi zile zilikuwa na 1614: juma la 16, mwaka 2014. Meno yake yalikuwa bado marefu, kwa hiyo zilionekana changa. Lakini mpira huzeeka hata ukilala ghalani, na viwanda vingi hushauri tairi isitumike ikipita miaka 10. Mwuzaji alikuwa amezipaka dawa ya kung'arisha.

Ndugu wasomaji, mwadhani kaka aliridhika? Hakuridhika. Njiani kurudi alinyamaza, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Miaka 12 nimebeba mizigo ya watu. Nimelala chumba kimoja na watu wanane. Siku moja tu nataka kwetu waone kwamba nimerudi." Nikaona hapo kwamba jambo si rimu, na hesabu yangu yote haikuwa na mahali pa kuliweka neno hilo.

Usiku akaja na hoja nzuri. Akasema, "Wewe wanitisha kwa mashimo, lakini barabara ya Bugarama ni lami. Tairi nyembamba zimetengenezwa kwa lami." Ni kweli. Ubavu mfupi haulegei katika kona, na motokaa hutii usukani mara moja. Nami nikamjibu kwa mambo anayoyapenda mwenyewe. Katika mashindano ya dunia ya rally, magari yakikimbia kwenye lami huvaa rimu za inchi 18. Yakienda kwenye changarawe huvaa za inchi 15, zenye mpira mnene. Safari Rally iliporudi katika mashindano hayo mwaka 2021, na Sébastien Ogier akashinda kwa Toyota Yaris, alikuwa kwenye rimu za 15. Basi swali ni hili: lami yetu ni lami ya namna gani? Mwezi wa Aprili mvua hubomoa kingo za barabara na kuangusha mawe kutoka mlimani. Waendesha baiskeli huja wakishuka na ndizi au makaa, na wengine hupanda wakishikilia malori nyuma. Ukimkwepa mmoja, gurudumu lako laingia shimoni kabla hujaliona. Na ukifika nyumbani, mitaa yetu imetandikwa mawe. Ubavu wa milimita 117 humeza jiwe; ule wa 90 hulipokeza kwenye rimu.

Zaidi ya hayo, Bujumbura iko kwenye kimo cha ziwa, kama mita 774 juu ya bahari, na Bugarama ni zaidi ya mita 2,000. Kushuka huko, watu wanne ndani, breki huchemka. Rimu kubwa mara nyingi huwa nzito, na uzito unaozunguka ni mgumu kuuanzisha na mgumu kuusimamisha. Nikampa hesabu moja ya mwisho. Motokaa yetu ina yapata kilo 1,100, yaani kilo 275 kwa kila gurudumu. Upepo wa tairi ulioandikwa kwenye kibao cha mlangoni ni bar 2.2, karibu kilo 2.2 kwa kila sentimita ya mraba. Gawanya: sentimita za mraba 125, kama kiganja na vidole vyake. Viganja vinne, havijazi hata daftari lililofunuliwa. Juu ya viganja hivyo ataketi bibi arusi.

Mama alikuwa akisikiliza jikoni. Akatoka, akauliza ni lipi lililo nene. Tukamwambia. Akasema, "Mimi ndiye nitakayekaa nyuma. Niwekeeni lililo nene," akarudi kwenye sufuria yake. Kaka akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Tulinunua tairi mpya 195/60R15, zenye alama 88V. Namba 88 maana yake kila moja yaweza kubeba kilo 560, na V ni mwendo hadi kilomita 240 kwa saa, ambao sina haja ya kusema hatutaufika. Fundi alizisawazisha kwa vipande vya risasi, akakaza nati kwa kuruka moja kila mara, mfano wa nyota, wala si kwa kuzunguka. Toyota hutaka nguvu ya nyutoni-mita 103. Ninyi wa fizikia mtaona kwamba ni sawa na kuning'iniza kilo 21 mwisho wa spana ya nusu mita. Rimu zile za zamani kaka alizisugua mwenyewe kwa sabuni na mswaki siku nzima, kisha akazipaka rangi ya fedha. Sikutegemea, lakini zilipendeza.

Safari yenyewe sina mengi ya kuisimulia, na hilo ndilo tulilolitaka. Usukani wa motokaa za Japani uko kulia, nasi hapa hupita kulia, basi mimi niliyeketi kushoto nilikuwa macho ya kaka kila alipotaka kulipita lori. Bugarama tulisimama tukakaza nati tena, kama fundi alivyotuagiza. Mbili zilikubali kuzunguka kidogo. Tulipokuwa tukishuka na bibi arusi mvua ikatukuta. Mahali pamoja, baada ya kona, kulikuwa na jiwe la ukubwa wa chungu njiani, na baiskeli ubavuni mwetu, hata hapakuwa na pa kukwepea. Gurudumu la mbele likapanda juu ya ukingo wa jiwe, likashuka kwa kishindo. Hakuna aliyesema neno. Tuliposimama chini Kamenge kaka alishuka, akapiga magoti matopeni na suti yake, akapitisha mkono ubavuni mwa tairi pande zote mbili. Kisha akarudi, akafuta mikono, tukaendelea.

Rimu za inchi 18 alizinunua kijana mwingine wa jirani, na mpaka leo motokaa yake hulia kama inasaga mahindi kila apakiapo watu nyuma. Na kaka? Alipopata fedha alitafuta rimu za Celica yenyewe, za inchi 16, alizokuwa akizivika Toyota kwenye Celica za bei kubwa, na tairi 205/50R16. Pigeni hesabu: milimita 611, pungufu ya 4 tu. Akazipata za matuta matano, safi, bila ufa. Huziosha kila Ijumaa baada ya sala, na watoto wa mtaa humsaidia kubeba maji.