Toka Luano mpaka N'djili: masaa ya ndege na masaa ya ukutani

Wengi wetu tuko na ndugu ao mutoto kule Kinshasa. Sisi walimu tumeona kama safari hiyo inasumbua watu kuihesabu, hata wenye kusoma sana. Leo tuipime pamoja.

Toka kiwanja cha ndege cha Luano, hapa Lubumbashi, mpaka kile cha N'djili, Kinshasa, kwa mustari wa moja kwa moja ni karibu kilometa 1 550. Wazee wetu walifanya siku nyingi: gari la moshi mpaka Ilebo, kule reli ilifika mwaka 1928, kisha mashua juu ya muto Kasai mpaka muto Congo. Ndege kubwa inakimbia karibu kilometa 800 kwa saa moja. Gawanya: karibu masaa 2. Ongeza wakati wa kupanda na kushuka, inakuwa masaa 2 na dakika 15. Mwenye kukaa kwenye dirisha anaona Lualaba, kisha mbuga za Kasai, na mwisho muto Congo unapanuka kama ziwa, Brazzaville ngambo.

Matata iko kwenye saa. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa moja, na kati ya miji hii miwili kuna digrii karibu 12. Kwa hiyo jua linaanza kwetu. Inchi yetu inahesabu tofauti ya saa 1 nzima: kwetu ikiwa 12:00, Kinshasa ni 11:00.

Ukiondoka Luano 10:00, utafika N'djili 11:15 ya kule. Ukiondoka kule 10:00, utafika huku 13:15. Watoto darasani wanasema ndege inachoka wakati wa kurudi! Hapana, haichoki. Ni saa za ukutani ndizo zinaachana.

Kosa hili si muchezo. Jamaa moja ilikuwa inamungojea kijana wao aje kuzika baba yake. Ndege yake iliondoka Kinshasa 11:00. Wakaongeza masaa 2 na robo, wakasema 13:15 atakuwa amefika, wakapanga maziko saa nane ya muchana, ndiyo 14:00. Yeye alitua 14:15. Alipofika makaburini, kaburi lilikuwa limekwisha kufungwa. Hakuna aliyemunyima baba yake. Ni saa moja tu iliyosahauliwa.

Basi, wamama, tushike hivi. Kwenye tikiti, saa ya kuondoka ni ya muji unaoacha, saa ya kufika ni ya muji unaoingia. Kwa mugonjwa mwenye kungojewa na munganga, kwa mitihani, kwa kilio, tuulize kwanza: «Saa ya wapi?» Tena tuache nafasi, maana ndege inaweza kuchelewa.

Jioni hii, mupe mutoto hesabu: ndege imeondoka Kinshasa 15:30, mama atamupokea mugeni Luano saa ngapi? Akijibu 18:45, amefaulu.