Panda Kwanza, Ndipo Ulipe



Juzi ndugu mmoja wa kanisa alinipigia simu akiwa Thika mjini, amesimama kwa muuza baiskeli za mitumba. Akaniuliza, "Mchungaji, nikiomba kuiendesha kabla ya kulipa, huyu mtu si ataona simwamini?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Swali hilo lilishanigharimu shilingi 8,000, na damu ya mtoto wangu.

Miaka michache iliyopita tulikuwa tunamtafutia kijana wetu baiskeli ya kwendea shule hapa Ruiru, maana nauli ya kila siku ilikuwa imetulemea. Muuzaji nilimfahamu, tulikuwa tunasalimiana kwa jina la Bwana. Baiskeli ilikuwa imepakwa rangi mpya, inang'aa. Nilipotaka kuipanda akaniangalia, akasema, "Mchungaji, hata wewe?" Maneno matatu tu, nikaona aibu. Nikatuma pesa kwa M-Pesa, nikaisukuma hadi nyumbani nikimshukuru Mungu.

Siku ya pili kijana aliteremka nayo mlima ulio karibu na kwetu. Breki ya nyuma haikushika kabisa. Ya mbele ilishika kidogo, ikaachia. Akajitupa kwenye mtaro asije akagonga bodaboda. Kidevu kikashonwa. Fundi alipoigeuza juu chini na kuzungusha magurudumu, tukaona rimu zimepinda na cheni imevutika. Akaniuliza jambo moja tu: "Pasta, kwani hukuipanda?"

Usiku ule sikulala vizuri. Nilinyamaza kwa sababu ya imani, au nilinyamaza ili nionekane mtu wa imani? Hayo ni mambo mawili tofauti, wapendwa.

Soma 1 Samweli 17. Sauli alimvika Daudi mavazi yake ya vita. Ni vitu vya mfalme, tena vimetolewa kwa nia njema. Lakini Daudi alijaribu kutembea navyo kwanza, akaona hawezi, akavivua. Hakumtukana mfalme, na wala hakuona haya. Angeona haya, angemwendea Goliathi akiwa amefungwa na vyuma asivyovizoea.

Basi nikamwambia yule ndugu: ipande. Lakini mfikirie muuzaji pia, kwa maana wako waliompa mteja baiskeli aijaribu, na hajarudi mpaka leo. Mwachie kitambulisho, au mwekee pesa mkononi mkiwa mmekubaliana kwamba usiporidhika anakurudishia. Usiende mbali na macho yake.

Kabla hujapanda, inua gurudumu ulizungushe, uone kama linayumba. Isukume huku umebana breki, moja moja. Kila breki lazima ilizuie gurudumu lake. Kisha panda polepole kwenye njia ya ndani, si kando ya Thika Road. Tafuta kilima kidogo, ukanyage kwa nguvu na usikilize: cheni iliyochoka huruka kwenye meno yake. Angalia kama usukani unavuta upande mmoja. Na ikiwa umemwachia dhamana na bado anakataa usiipande, mshukuru, uende zako kwa amani.

Jioni alinipigia tena. Ya kwanza aliirudisha, cheni ilikuwa inaruka. Na unajua nani alimletea nyingine aijaribu? Muuzaji mwenyewe, bila kinyongo. Hiyo ndiyo aliyorudi nayo nyumbani.

Sasa neno hili linirudie mimi. Watu wa Beroya, katika Matendo 17, walimsikia Paulo kwa moyo mweupe, lakini kila siku walichunguza Maandiko waone kama asemayo ni kweli. Biblia inawasifu kwa hilo. Kama Paulo alipimwa, mimi ni nani?

Mwezi uliopita mama mmoja aliniuliza pesa za mabati ya kanisa zimefika wapi. Nilikunja uso. Sikutamka "hata wewe?", lakini uso wangu ulitamka. Mama, ukisoma hapa, nisamehe. Jumapili hii baada ya ibada hesabu zote zitakuwa mezani pamoja na risiti, na wewe ndiwe wa kwanza kuzikagua.

Mpendwa, kuna jambo gani unakaribia kulilipia kwa sababu tu unaona haya kuuliza? Iwe ni ploti, kazi ya ng'ambo, uchumba, au hata neno la mtumishi, liombee, kisha lipime. Kizuri hakiharibiki kwa kupimwa.

Baba, tuondolee aibu inayotuumiza, na utupe moyo wa kukubali kupimwa. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika Amina. Mungu awabariki, tuonane Jumapili.