Tangu 1999

Mwaka jana tovuti moja ya habari za mpira iliniahidi shilingi 700 niandike historia ya timu ya Uingereza inayoitwa Milton Keynes Dons. Maneno 600, kabla ya saa kumi jioni. Kazi kama hizo ndizo hulipa keja yangu. Sikuwa nimewahi kuiona timu hiyo ikicheza, kwa hivyo nilifungua kurasa tatu nne, nikaunganisha, na nikaandika kwamba ilichukua Kombe la FA mwaka 1988 kwa kuifunga Liverpool 1-0.

Kesho yake mhariri akanipigia simu.

"Buda, hili kombe umewapea si lao."

Nikamwambia ni timu ile ile, ilihama mji na kubadilisha jina tu.

"Enda usome tena," akasema. Pesa akazishikilia.

Nikasoma tena. Wimbledon ni mtaa wa kusini-magharibi mwa London. Timu yake ilianzishwa mwaka 1889, ikacheza mpira wa ridhaa kwa miaka mingi, ikaingia ligi ya kulipwa mwaka 1977. Miaka 11 baadaye ilikuwa Wembley, fainali ya FA. Lawrie Sanchez alifunga kwa kichwa, halafu kipa Dave Beasant akapangua penalti ya John Aldridge. Liverpool ya wakati huo, ikifungwa na timu ya mtaa!

Mwaka 1991 timu iliondoka kwenye uwanja wake wa Plough Lane, ikawa mpangaji katika uwanja wa Crystal Palace. Hatimaye wenye timu wakaomba kuihamishia Milton Keynes, mji ulio karibu kilomita 90 kutoka Wimbledon. Mei 2002 jopo la watu watatu likaamua: wawili walikubali, mmoja akakataa. Timu ikahama mwaka 2003, na mwaka uliofuata ikapewa jina jipya. Wachezaji, mikataba na nafasi kwenye ligi, vyote vikaenda.

Nilipofika hapo niliweka simu chini. Hii stori niliijua. Tofauti ni kwamba niliijua kwa harufu ya chapati.

Mama alifungua hoteli Nakuru mwaka 1999, kwa pesa alizopata zamu yake ya chama ilipofika. Aliipa jina la mama yake, nyanya yangu, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia. Baba alikuwa dereva wa lori. Alilipa kodi ya miezi sita ya kwanza, akachonga meza kwa mikono yake, na leseni ikaandikwa kwa jina lake, kwa sababu siku hizo hakuna aliyefikiria kuuliza iandikwe kwa jina la nani. Mimi nilijifunzia kusoma pale, kwenye ubao wa bei: chai, mandazi, maharagwe, ugali nyama.

Mwaka 2018 Baba alihamia Eldoret. Alikuwa na familia nyingine huko tayari, hilo tulilijua baadaye. Alikuja na pickup siku ambayo Mama alikuwa matangani, akabeba sufuria kubwa, meza, friji na lile bango la mbele. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Karo yangu ilikuwa inatoka kwenye sufuria zile zile. Nilimaliza semista nikiazima pesa za chakula, kisha sikurudi tena.

Kule Wimbledon mashabiki hawakungoja timu iondoke. Wiki chache baada ya uamuzi wa jopo, waliita wachezaji kwenye uwanja wa wazi wa Wimbledon Common, aje yeyote anayejua kucheza. Wakaunda AFC Wimbledon na kuanzia chini kabisa, ligi za vijiji na mitaa. Walipanda daraja mara tano ndani ya miaka 9, na mwaka 2011 wakaingia ligi ya kulipwa. Mama yeye alianzia jiko moja la makaa nje ya ploti yetu. Wateja wake wa zamani walikula wakiwa wamesimama.

Siku niliyosoma hayo yote niliamua kwenda Eldoret. Nilikuwa na shilingi 1,500. Sikuwa nimewahi kuiona hoteli ya Baba.

Iko karibu na stendi, safi, ina wateja. Juu ya mlango kuna jina la nyanya yangu, mzaa mama, mama wa mwanamke ambaye hajawahi kukanyaga pale. Chini yake, kwa rangi nyekundu: TANGU 1999.

Aliyeniletea chai ni kijana wa miaka minane hivi, mwenye masikio yangu. Nilimuuliza hoteli ni ya nani.

"Ya Baba. Ni ya zamani sana," akasema kwa fahari. "Hata mimi nilikuwa sijazaliwa."

Nilikuwa nimekuja na hasira za kutosha, lakini sikuzipanga kwa ajili ya mtoto. Hakuna alichoiba. Kuna watoto Milton Keynes waliozaliwa baada ya timu kuhama, wakapelekwa uwanjani na baba zao, wakapenda walichokikuta. Utamwambia nini mtoto kama huyo? Asishangilie?

Baba alipofika alinisalimia kama mteja, kisha akakaa. Nilimuonyesha ule mwaka ukutani.

"Kwani 1999 mimi sikuwepo?" akaniuliza. "Zile meza nani alichonga? Kodi nani alilipa?"

Hapo alinishinda kidogo, kwa sababu ni kweli. Na mpira pia una kesi ya kumtetea. Timu ya kikapu ya Seattle, SuperSonics, ilihamia Oklahoma City mwaka 2008. Katika makubaliano, jina na rangi zilibaki Seattle zikingoja timu nyingine, lakini historia ikasemwa ni ya wote. Ndiyo maana Oklahoma City waliposhinda ubingwa mwaka 2025, kwenye vitabu vya NBA ulihesabiwa kuwa wa pili. Wa kwanza ni wa Seattle, 1979. Yaani inawezekana watu wawili wakawa na mwaka mmoja.

Ila Baba hakuwa amesema ni wa wawili. Yule kijana hajui kama mama yangu yupo. Niligundua kwamba kilichoniuma si sufuria wala friji. Ni kwamba alihamia mahali ambapo hakuna mtu wa kumwambia, "Hapo unadanganya." Nakuru asingeweza kuandika vile. Muuza nyama angecheka. Historia inakaa salama pale penye watu wa kukubishia.

Milton Keynes wenyewe walifika hapo. Mwaka 2007 nakala ya lile Kombe la FA na kumbukumbu nyingine zilikabidhiwa halmashauri ya Merton, ambako Wimbledon ipo, na timu ikakubali kwamba historia yake inaanza 2004. Haikufa kwa kusema hivyo. Watoto wa Milton Keynes wakapata mwaka wao wenyewe, ambao hakuna wa kuwapokonya.

"Baba," nikamwambia, "andika 2018. Huyu kijana apate kitu chake."

Hakunijibu. Alikataa nilipie chai. Mpaka leo sijui kama ule ukuta umepakwa rangi.

Nilirekebisha makala, nikatuma, nikalipwa 500 kwa sababu nilichelewa.

AFC Wimbledon walirudi Plough Lane Novemba 2020. Ni uwanja mpya, hatua chache kutoka ulipokuwa ule wa zamani. Kwa sababu ya korona, mechi ya kwanza ilichezwa viti vikiwa vitupu. Mama naye sasa ana chumba cha kupanga, meza nne. Mwezi uliopita alimwita fundi wa kuandika bango, anayelipisha kwa herufi, akanipigia kuuliza waandike mwaka gani: 1999 alipoanza, au 2018 alipoanza tena.

Nilimwambia 1999, bila kufikiria.

Akanyamaza kidogo. Nilimsikia akimuuliza fundi bei ya kuandika yote mawili.