Barua kwa Mpwa Aliyekabidhiwa Filamu

Nalasi, Mkoa wa Ruvuma

Kwa mpwa wangu azizi,

Nimepata habari kwa dada yangu, mama yako, kwamba umekabidhiwa kuongoza filamu yako ya kwanza huko Dar es Salaam. Na kwa kuwa kwetu Wayao mjomba ana haki na wajibu wa kumuasa mpwa wake, nimeona si laiki ninyamaze mpaka kazi imalizike.

Nasaha yangu ni moja: kuwashukuru wenzio kusiwe maneno ya kumalizia kazi, bali kuwe ndiyo kanuni ya kuitenda kazi yenyewe.

Marehemu Mzee Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa Matepwende katika mkoa wetu huu, wengi humkumbuka kwa Uwaziri Mkuu alioushika mwaka 1962, na wachache hujua ya kuwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla ya siasa kumchukua, alikuwa mwigizaji mashuhuri wa sinema za Kiswahili, mojawapo ikiwa Muhogo Mchungu. Ilipofika mwaka 1955 alikuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika. Sidai kwamba sinema ndiyo iliyompeleka huko, lakini mimi hupata ibra kubwa nikitafakari ya kuwa mtu aliyesifiwa kwa sura yake alisimama kutetea haki za watu ambao hakuna anayekuja kuzitazama sura zao.

Watu wa namna hiyo ndio watakaoijaza kambi yako. Mtazamaji atamwona mwigizaji akilia, wala hatamwona fundi wa sauti aliyelingoja gari lipite ili kilio kile kisikike, wala mshika taa aliyesimama saa nzima bila kutikisika, wala mpishi aliyeamka kabla ya alfajiri. Nawe ukiwasahau kwa sababu mtazamaji hawaoni, utakuwa umedhulumu ukiwa na macho yako mawili. Dini yetu imetufundisha ya kuwa asiyewashukuru watu hajamshukuru Mola wake.

Basi mapatano ya ujira yaandikwe kabla ya kazi, na ujira ulipwe kwa wakati, maana shukrani isiyolipa deni ni maneno matupu. Chakula kimfikie dereva kama kinavyomfikia mwigizaji mkuu. Jina la kila mtu litokee mwishoni mwa filamu sawasawa na anavyoliandika mwenyewe. Mtu akikosea, mwite kando, usimtahayarishe hadharani. Na ukisifiwa kwa jambo lililotokana na shauri la mwenzio, mtaje papo hapo.

Wametangulia watu walioonyesha njia. Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985 iliongozwa na wawili, Nangayoma Ng'oge wa kwetu na Ron Mulvihill wa Marekani, na filamu moja ikabeba majina yao yote mawili. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, ilitokana na riwaya ya Adam Shafi, kwa hiyo deni lake lilianza kwa mtu aliyekaa na kalamu miaka mingi kabla ya kamera kuwashwa.

Siku ya kwanza ya kazi, wakusanye wote, mkubwa kwa mdogo, kila mmoja atajwe jina lake na kazi yake mbele ya wenziwe, nawe uwaambie bayana ya kuwa bila wao huwezi. Kisha uishi sawasawa na kauli hiyo mpaka mtu wa mwisho apokee haki yake. Mwenyezi Mungu akupe taufiki na subira.

Wasalaam,

Mjomba wako