Maji Mazito ya Gongoni

Msafiri aendaye Lamu kwa njia ya nchi kavu, akiisha kuuacha mji wa Malindi nyuma yake, haendi mbali kabla ya kuvuka daraja la mto Sabaki. Wakati wa mvua maji ya mto huu huwa mekundu kwa udongo utokao bara. Yanapofika baharini hayazami upesi, bali hutandaa juu ya maji ya chumvi kama mkeka, na mtu aliye mahali pa juu huweza kuuona mpaka wake waziwazi.

Sababu yake ni uzito. Tangi lenye urefu, upana na kina cha mita 1, likijazwa maji baridi, huchukua kilo 1,000. Likijazwa maji ya bahari, huchukua kilo 1,025 hivi. Tofauti hiyo huletwa na chumvi. Katika kila kilo 1,000 za maji ya bahari mna kilo 35 hivi za chumvi za namna mbalimbali, na katika hizo kilo 27 ni chumvi ya kulia. Kazi ya kuitenga chumvi hiyo na zile nyingine huonekana mbele ya Mambrui, katika nchi ya Gongoni.

Huko nchi ni tambarare, na mabwawa ya chumvi yamepangwa kwa matuta mfano wa mashamba ya mpunga. Maji ya bahari huingizwa katika bwawa la kwanza, kisha hupitishwa bwawa hata bwawa, huku jua na upepo vikiyapunguza. Kazi hii haitaki kuni wala moto. Yataka saburi, na adui yake ni mvua. Chokaa ndiyo itanguliayo kutua chini, ikifuatwa na jasi. Chumvi ya kulia haianzi kuganda mpaka maji yamebaki kama sehemu 1 katika 10. Hapo tangi lile lile lingechukua zaidi ya kilo 1,200.

Ili kujua wakati umefika, hutumiwa kipimo cha kioo kieleacho. Kadiri maji yanavyozidi uzito, ndivyo kinavyozidi kuinuka. Maji yanayosalia baada ya chumvi kuganda ni machungu, maana yana magnesi nyingi. Yasipoondolewa mapema, uchungu huo huingia katika chumvi, nayo hushika unyevu upesi.

Lakini uzito uo huo uwapao watu kazi huweza pia kuwaletea taabu. Chini ya mchanga wa pwani, maji ya mvua yaliyonywewa na ardhi hukaa juu ya maji ya chumvi, kama yale ya Sabaki yakaavyo juu ya bahari. Wataalamu hukadiria kuwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, huwa na mita 40 hivi chini ya usawa huo. Kwa hiyo yakitekwa kwa pupa hata yakashuka mita 1 tu, maji ya chumvi yaliyo chini huweza kupanda mita 40. Nayo maji ya mabwawa, yaliyo mazito kuliko bahari yenyewe, yakipata mwanya huzama ardhini na kuyaharibu maji ya visima.

Mwaka 2005 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilisikiliza malalamiko ya wenyeji wa pande hizo juu ya ardhi, mikoko, na visima vilivyoingia chumvi. Jambo hili si dogo. Maji ya bahari hayakati kiu bali huizidisha, kwa kuwa mwili hutoa maji mengi kuliko uliyokunywa ili kuiondoa chumvi ile. Tena kisima kikiisha kuharibika hakiponi kwa kutekwa zaidi; hungoja mvua za miaka mingi.

Chumvi ni kitu cha lazima katika kila nyumba, na jua la Gongoni huitoa bila gharama ya moto. Lakini mama wa huko, kabla hajatia chumvi chunguni, hutia maji kwanza. Nayo hayana budi kuwa baridi.